Gereji ya mashine za boti, Pasua: nyota nyingi kwa mashine, chache kwa nanga

Gereji yenyewe haina kibao. Ukishuka stendi kuu ya Moshi mwambie bodaboda akupeleke Pasua kwa fundi wa maboti. Akisema hamjui, panda mwingine. Utajua umefika ukiona pipa la lita 200 lililokatwa mdomo, limejaa maji, na mashine ya boti imefungwa kwenye ubao juu yake. Mjini kwetu hapa, juu ya lami na chini ya mlima, hakuna mwingine mwenye sababu ya kuweka kitu kama hicho mlangoni.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wa Lang'ata, wa Kagongo, na wa ng'ambo ya Simanjiro, ambao bado mnafunga safari na mashine hadi Tanga kila inapokohoa. Mimi ni mama mfanyabiashara wa samaki. Nina boti mbili za kukusanya perege na kambale kutoka kambi za wavuvi, na zote zinasukumwa na Yamaha Enduro za nguvu farasi 15, zile za tanki la pembeni na kuchanganya oili. Spana sijui kuishika. Ninachojua ni kwamba mashine ikilala asubuhi moja, barafu inayeyuka, samaki wanabadilika macho, na mteja wangu wa soko la Mbuyuni anahamia kwa mwenzangu.

Fundi ni mtu wa Kanda ya Ziwa, kazi amejifunzia Mwanza, akaoa huku kwetu akabaki. Cha kwanza utakachokiona kwake ni maswali. Hafungui hata nati kabla hajakuhoji. Mara ya kwanza nilimpelekea mashine iliyokuwa inazima katikati ya maji, nahodha wangu ameshaamua kwamba imekufa ringi za pistoni. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Inazima ikiwa baridi au ikishapata moto?"

"Marahaba. Ikishapata moto. Inakwenda vizuri dakika kama kumi, inaanza kulegea, inazima."

"Ukiiacha kidogo?"

"Inawaka kama haijawahi kuumwa."

"Ule mpira wa kukamua, ulio katikati ya bomba la mafuta. Ikizima mnaukuta mgumu, laini, au umebonyea?"

Hilo sikulijua, tukampigia nahodha aliyebaki mwaloni, pale boti zinapoegeshwa. Akasema umebonyea, tena umenywea kabisa. Fundi akacheka, akaniomba tanki. Juu ya kifuniko cha tanki kuna skrubu ndogo ya kuingizia hewa. Ilikuwa imekazwa. Kijana wa boti huwa anaikaza wakati wa kubeba tanki ili petroli isimwagike mgongoni, kisha hakuna anayekumbuka kuilegeza. Mashine inanyonya mafuta, hewa haiingii kuziba nafasi yake, mvuto unazidi, mpira unabonyea, mafuta yanakatika. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo na mashine inawaka tena. Ringi hazikuwa na tatizo lolote. Alinitoza shilingi 5,000, na akasema hiyo ni ya muda wake, skrubu ni bure.

Aliendelea kunifafanulia habari za ule mpira, na nayarudia hapa kwa sababu yangeokoa nauli za wengi. Ukibonyea, tatizo ni hewa ya tanki au njia ya mafuta imeziba kabla ya mpira. Ukikamua na kukamua ukabaki laini, kuna mahali bomba linavuta hewa, mara nyingi kwenye viungo vya kuchomekea, au vali za mpira wenyewe zimechoka, au tanki limeisha na mnaona aibu kusema. Ukiwa mgumu na mashine bado haiwaki, mafuta yamefika. Sasa angalia kabureta na moto wa plagi. Hapo ndipo unatoa plagi. Ikiwa mbichi na inanuka petroli, mafuta yanaingia ila hayachomwi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda.

Nalinganisha na fundi mwingine, wa Arusha, ambaye simtaji. Huyo nilimpelekea boti ya pili ikiwa na ugonjwa unaofanana na huo. Hakuuliza kitu. Nilirudi jioni nikakuta silinda hedi iko chini kwenye gunia, gasketi imechanika, na bolti mbili zimebaki mkononi mwake hajui zilikotoka. Aliniambia hiyo ndiyo sevisi kubwa.

Turudi Pasua. Kazi anayoifanya vizuri kuliko zote ni pampu ya maji. Sote tunajua mashine ikiwa hai lazima ikojoe, ule uzi wa maji unaotoka ubavuni. Ukipungua, wengi wetu tunakimbilia kununua impela. Yeye anaanza na waya mwembamba laini, anachokonoa tundu la kutokea maji, kwa sababu tope la bwawa letu linaganda pale, na mashine ikikaa nchi kavu nyigu wanajenga humo. Kwa boti yangu moja ilikuwa hivyo tu, tope. Kwa nyingine mkojo ulibaki hafifu, akashusha mguu wa mashine na kufungua pampu.

Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinachozunguka ndani ya nyumba yake na kusukuma maji kupanda juu kwenye injini. Mabawa yakikaa muda mrefu yamekunjwa upande mmoja yanashika umbo hilo na hayanyooki tena. Mashine ikiwashwa bila maji, mpira unasagika kwa chuma kikavu, na dakika moja inatosha kuuharibu. Ndiyo maana ya lile pipa mlangoni. Ile ya kwangu ilikuwa imepungukiwa bawa moja zima. Fundi wa haraka angeweka mpya akafunga, na mimi ningefurahi. Huyu alisema bawa halijayeyuka, lipo humu ndani, na lisipotolewa litaziba njia ya maji juu ya injini na impela mpya itasukuma bure. Alilitafuta mchana mzima. Alilipata vipande viwili ndani ya bomba la kupandishia maji, akaniwekea kiganjani pamoja na impela ya zamani. Hiyo tabia ya kukurudishia kilichotolewa ndiyo iliyonifanya nirudi. Anashauri impela ibadilishwe kila mwaka kwa boti inayofanya kazi kila siku kwenye maji ya tope kama yetu, na nimekubali, kwa kuwa bei ya impela ukiiweka pembeni ya bei ya pistoni haina ubishi.

Juu ya spea ni mkweli. Anaweka mezani mbili, anakuambia hii orijino, hii ya kuiga, chagua, na anaandika kwenye risiti ulichochagua. Ila orijino mara nyingi hanazo. Anaagiza Dar au Mwanza, zinakuja na basi, na hapo ndipo kero yangu kubwa ilipo: akisema kesho kutwa, hesabu wiki. Hakupigii simu kukuambia imechelewa. Unapiga wewe, anajibu kwa upole mpaka unasahau ulitaka kugomba.

Mashine ya pili ilikuwa na kesi ya giaboksi. Alilegeza skrubu ya chini ya mguu akaacha oili ishuke kwenye kopo, na ilishuka imefanana na chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Akavuta propela. Nyuma yake, kwenye shafti, kulikuwa na donge la nyuzi za timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, limeyeyuka na kushikana kama plastiki. Timba zimepigwa marufuku, na kila mtu mwaloni atakuambia yeye hazitumii, lakini propela yangu ina ushahidi mwingine. Nyuzi hizo zinajizungusha kwenye shafti, zinakata mdomo wa sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia, oili inapoteza nguvu yake ya kulainisha, na gia zinaanza kulana kimya kimya. Alibadilisha sili mbili na akajaza oili mpya kuanzia tundu la chini kwenda juu, mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Aliweka pia washa mpya za skrubu, zile za duara nyembamba, ambazo mafundi wengi wanarudisha za zamani. Toka siku ile nahodha wangu anavuta propela kila mwisho wa mwezi na kukagua nyuzi. Ni kazi ya koleo la kutolea pini na spana moja.

Hapo hapo alinifundisha kipimo cha chaki. Kama mashine inanguruma lakini boti haiendi, chora mstari mmoja kutoka ncha ya shafti, katikati ya propela, kwenda kwenye bawa lake. Endesha kidogo, zima, angalia. Mstari ukiwa umekatika, sehemu moja huku na nyingine kule, mpira wa ndani ya propela umeachia. Giaboksi haina kosa.

Kuna suala jingine ambalo nalisikia sana kwetu: mashine ile ile iliyokuwa na nguvu Tanga, ikija huku inakuwa mvivu. Nilidhani ni maneno ya wauza mashine. Fundi anasema ni hewa. Bwawa letu liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hii inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo farasi wangu 15 kwa kweli ni 14. Ukijaza kreti za samaki na barafu, huyo mmoja aliyepotea unamkumbuka. Alinishauri propela yenye mpindo mdogo zaidi, ambayo inasukuma maji kidogo kwa kila mzunguko lakini inairuhusu injini kuzunguka inavyotakiwa. Nilinunua moja kwa ajili ya boti ya mzigo. Ikiwa tupu imekuwa na mwendo mdogo kidogo kuliko zamani. Ikiwa na mzigo inainua kichwa mapema na haikohoi, na mimi sifanyi biashara ya boti tupu.

Kwenye oili ya kuchanganya ni mkali kama mwalimu wa zamani. Mashine hizi, zikishamaliza kipindi cha kuzoeshwa, zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Manahodha wetu wanakadiria kwa macho. Ikizidi, plagi zinapata masizi na mashine inafuka. Ikipungua, pistoni inashika ndani ya silinda na hapo hakuna cha kujadili. Amenipa chupa aliyoichora mistari kwa msumari. Na hataki kabisa kusikia oili ya pikipiki. Ya boti imeandikwa TC-W3 kwenye kopo, imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji, wakati ya pikipiki ni ya injini inayopozwa kwa hewa na inaacha majivu. Petroli ya kwenye madumu ya barabarani anaimimina kwenye chupa angavu ya maji ya kunywa na kuiacha itulie. Kama ina maji, yanakaa chini yanaonekana mstari. Jaribu mwenyewe nyumbani kabla hujamlaumu fundi yeyote.

Sasa nanga.

Jirani yake ni mchomeleaji, na wawili hao wanauza nanga, minyororo na kamba kwa wateja wa mashine. Hapa sifa zinapungua. Nanga ya kwanza waliyoniuzia ilikuwa ya nondo ya milimita 16, kucha nne, imepakwa rangi ya fedha ikapendeza. Nanga ya namna hiyo ni nzuri penye mawe au visiki, inashika kama ndoano. Kwetu chini ni tope. Upepo wa mchana ulipoanza, boti ilitembea nayo hadi kwenye matete. Na msiniambie habari za kamba fupi: kina kilikuwa kama mita nne, tulikuwa tumetoa kamba mita 30, zaidi ya mara saba ya kina, ambacho ndicho kipimo kizuri cha kulalia. Kucha zilikuwa zinachana tope kama jembe, hazizami. Fundi alisema tatizo ni uzito, akataka aongeze chuma. Sikukubaliana naye. Nanga nzito isiyozama ni jiwe la bei ghali tu.

Nilimpelekea picha kwenye simu ya nanga ya mabapa mawili yanayokunjuka, wakanitengenezea kwa bati nene la milimita 6. Siri ya nanga hiyo ni pembe kati ya mkono, ule mti wake mrefu, na mabapa. Zile za kawaida zinafunguka nyuzi 32 hivi, zinafaa mchanga. Kwa tope laini inafaa ifike nyuzi 45 ili mabapa yachimbe kwenda chini badala ya kuteleza juu juu. Niliwaambia 45, wakaifanya 45, na hiyo haijahama. Sifa ni ya mchomeleaji, kwa kuwa alipima na kurudia kukata bila kununa.

Mnyororo wao ni wa kufungia geti. Usiuchukue. Kazi ya mnyororo kati ya nanga na kamba ni uzito, ili mvuto wa boti uje ukiwa umelala chini na usiinue mkono wa nanga, na pia kuilinda kamba isikatwe na visiki. Nilinunua mita 4 za mnyororo mnene dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi, nikawapa wafunge tu. Na kile chuma cha U chenye pini, kinachounganisha mnyororo na nanga, walikikaza kwa mkono wakaniaga. Pini ya namna hiyo inajifungua yenyewe kwa kutikisika. Lazima ipitishwe waya kwenye tundu lake na kusokotwa. Nililazimika kusema, wakafanya. Kwa kazi ya mashine huyu mtu hasahau kitu, kwa nini kwa nanga anakuwa hivi sielewi.

Kamba yao nayo ni ile ya plastiki ya kijani na buluu, inaelea. Kamba inayoelea kwenye nanga inakuja juu karibu na propela, na tumeshaona kilichotokea kwa nyuzi nyembamba. Tafuta nailoni, inazama na inanyumbuka, boti haipigwi na mshtuko wimbi likija. Inauzwa Moshi hapa hapa, ni ghali zaidi, lakini inakaa.

Jambo moja la nanga walilonifanyia vizuri bila kuombwa: walichomelea pete nyuma, kwenye kisogo cha nanga, kwa ajili ya kamba ndogo yenye boya. Nanga ikinasa kwenye kisiki huivuti kwa mbele ukivunjika mgongo. Unafuata boya, unavuta kwa nyuma, inatoka ilikoingilia. Kwa bwawa lililofunika miti wakati linajengwa miaka ya 1960, hiyo pete ni lazima.

Dogo jingine: alinifungia kipande cha zinki cha kukinga kutu kwenye mguu wa mashine. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwa maji baridi kama yetu inayofaa ni ya magnesi. Nilipomuuliza alikubali, akasema zinki ndiyo iliyokuwepo.

Usalama hana mchezo nao, na hapo nampa heshima yake. Mashine haitoki gerejini bila kamba nyekundu ya kuzimia, ile anayojifunga nahodha ili akianguka injini izime papo hapo. Nahodha wangu aliiona ni mapambo. Fundi akamuuliza, boti ikikuzunguka peke yake na wewe uko majini, na mamba nao wako majini, utaanza kusalimiana na nani? Sasa anaifunga. Jaketi okozi hauzi, lakini atakuuliza kama unazo, na watu wa TASAC, wakaguzi wa usalama wa vyombo vya majini, nao watakuuliza siku wakija.

Bei zake ni za kawaida. Ufundi wa kubadilisha pampu ya maji alinitoza 30,000, spea mbali. Unalipa kwa simu, risiti unapata. Jambo ambalo akina mama wenzangu mtalithamini: anazungumza na mwenye mali. Nimeshakwenda kwa mafundi ambao mimi ndiye ninayelipa na macho yao yako kwa nahodha. Huyu ananiita mama, ananieleza mimi, na nahodha anasikiliza.

Kwa mashine nampa nyota nne na nusu, nusu imekwenda na ucheleweshaji. Kwa nanga mbili, na hizo ni za mchomeleaji na ile pete. Ukienda, toa petroli kwenye tanki kabla ya kupanda gari, nenda na nahodha anayejua kujibu maswali au awe na simu yenye chaji, na mashine ilaze upande unaoelekezwa kwenye kitabu chake ili oili na maji visiingie kwenye silinda.

Ile boti ya pili iko kwake tangu juzi, sili tena, timba tena. Amesema itakuwa tayari Alhamisi. Mimi barafu nimeagiza ya Jumatatu.